Yumo, Yupo, Ana Kauli: Mhadhara Kuhusu Orodha ya Wanakikundi Ndani ya Simu

 

Naomba kila mwenye simu aitoe, afungue grupu lolote, aguse jina la grupu pale juu, kisha ateremke chini. Mtaona orodha: picha ya duara, jina, maneno mawili matatu chini ya jina, na kwa watu wachache neno "Admini" limekaa mwishoni mwa mstari. Mada yangu ya leo ni ukurasa huo mmoja. Miaka kadhaa iliyopita niliutengeneza vibaya, na waliolipia makosa yangu ni wanachama 24 wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa.

Ukurasa huo hujibu maswali matatu, na Kiswahili kimeyatenganisha zamani. Kuna "yumo": ameandikwa, ni mwenzetu, hata kama leo hajaonekana. Kuna "yupo": ukimwita sasa hivi ataitika. Na kuna "ana kauli": neno lake hufunga na kufungua. Katika mazungumzo hatuchanganyi yumo na yupo. Programu za simu huchanganya kila siku, kwa kuwa maswali yote matatu hubanwa katika mstari mmoja wenye urefu wa kidole gumba. Hoja yangu ni kwamba fundi anayerekebisha orodha hii aanze kwa kuyatenganisha maswali hayo. Rangi ya kitufe itasubiri.

Koti la mtumba

Siku hizi ni wachache wanaoandika programu ya soga kuanzia sifuri. Yapo makampuni yanayouza vifurushi vilivyo tayari, kama CometChat, Sendbird na Stream. Ndani yake kuna vijenzi vilivyokwisha kushonwa: kijenzi cha mazungumzo, cha sehemu ya kuandikia ujumbe, cha orodha ya wanakikundi. Unakipachika kijenzi kwenye programu yako, unakipa kitambulisho cha kikundi, nacho kinakwenda chenyewe kwenye seva, kinaleta majina, kinayapanga, kinaweka kisanduku cha kutafutia na vitufe vya kumwondoa mtu au kumpandisha cheo.

Hilo ni koti la mtumba. Ukienda Karume pale Ilala, au Gikomba kule Nairobi, utapata koti la kitambaa kizuri na mshono imara. Shida yake ni kwamba lilikatwa kwa kipimo cha mwili mwingine. Unalipeleka kwa fundi cherehani. Mtazame anavyofanya kazi. Anakuvika, anazunguka nyuma yako, anabana kwa pini kwenye mikono na kiuno, kisha anafumua mishono hiyo tu. Bitana haigusi, mifuko haigusi. Fundi mchanga ndiye anayefumua koti zima asubuhi, na jioni amekaa na vipande asivyojua vinarudi wapi.

Kijenzi cha orodha kina mishono iliyoachwa makusudi ili ifumuliwe. Wa kwanza ni mandhari: rangi, aina ya herufi, ukubwa wake. Wa pili ni sehemu za mstari: picha, jina, maneno ya chini na mkia wa mstari. Kila sehemu unaweza kuweka yako, au kuubadilisha mstari mzima. Wa tatu ni ombi linalokwenda kwenye seva: nileteeni watu wangapi kwa mara moja, wa vyeo gani, majina yanayofanana na neno gani. Wa nne ni matukio: mtu akiugusa mstari, akiubonyeza kwa muda, akichagua "Ondoa", kitokee nini.

Nje ya mishono hiyo, kaa mbali. Ukinakili msimbo wa ndani wa kijenzi na kuanza kuuchezea, toleo jipya likitoka huwezi kulipokea. Unabaki na koti la aina yake, na kila tundu utaliziba mwenyewe.

Yumo

Kikundi chenyewe kilikuwa cha aina mnayoijua. Tanzania tunaviita vikoba, Kenya wanaviita vyama. Vingi vinafuata utaratibu uliotokana na ule ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991: sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu mikononi mwa watu watatu tofauti, na kitabu kidogo cha kila mwanachama kinachogongwa muhuri kwa kila hisa anayoweka. Kwetu Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi hivi katika daraja la nne la watoa huduma hizo.

Kabla ya kuandika programu yao nilikwenda kwenye kikao mara moja, nikanywa chai, nikala chapati, nikaondoka. Sikuangalia watu wamekaaje. Nikapachika kijenzi, majina yakaja kwa mpangilio wa alfabeti, nikaona nimemaliza.

Kikao kilichofuata katibu alijaribu kukusanya hisa kwa kufuata simu badala ya daftari. Akakwama. Kati ya wanachama 24, wanawake 14 walikuwa wamejiandikisha kwa jina la mtoto: Mama Asha, Mama Baraka, Mama Devota. Herufi M ilikuwa imemeza zaidi ya nusu ya kikundi. Na kwa kuwa wengi hawakuweka picha, kijenzi kiliwachorea duara lenye herufi za mwanzo: MA, MA, MB, MD, MD. Ukurasa mzima ulikuwa wa watu wasiotofautishwa.

Lakini hata majina yangepangika vizuri, bado nilikuwa nimekosea. Katika kikao kile hakuna aliyekaa kwa alfabeti. Kila mwanachama ana namba. Wanakaa kwa namba, wanaitwa kwa namba, wanaweka hisa kwa namba. Katibu anaita "Namba saba!", namba saba anasimama na kitabu chake. Namba moja si mkubwa kuliko namba ishirini. Namba ni kiti. Mama mmoja wa makamo alinisogezea simu yake usoni, akasema: "Mwanangu, mimi ni namba kumi na moja tangu siku tulipoanza. Humu ndani nimekuwa wa nane. Nani kanihamisha?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu aliyemhamisha ni mimi. Nilipokea mpangilio niliokuta kwenye kijenzi bila hata kujua kwamba nilikuwa nachagua.

Marekebisho yenyewe hayakuwa makubwa. Vifurushi hivi vinakuruhusu kumwekea mtu taarifa za ziada. Tukaongeza moja: namba yake kikundini. Orodha ikapangwa kwa namba hiyo, tena ndani ya simu yenyewe, maana watu 24 ni wachache. Pale palipokuwa na duara la herufi tukaandika namba: 11, kubwa, nyeusi juu ya rangi hafifu. Mama yule alipoiona hakusema kitu, ila aliwaonyesha jirani zake wa kulia na kushoto, namba kumi na namba kumi na mbili.

Mpangilio unaofaa watu 24 haufai watu 400. Baadaye vikundi kadhaa vya jirani viliungana katika grupu moja kubwa, na kila kikundi kilikuja na namba saba wake. Hapo namba ilikufa, tukarudi kwenye alfabeti, safari hii kwa kipimo chetu. Programu iliruka vitangulizi vya heshima kabla ya kupanga: Mama, Baba, Bi, Mzee, Mwalimu, Ustadh. Mama Asha akakaa kwenye A, lakini kwenye kioo jina lake likabaki kamili, kwa sababu kumwondolea mtu "Mama" ili umpange ni utovu wa adabu.

Kisanduku cha kutafutia nacho kilitufundisha. Jina lenye ng' huandikwa kwa alama mbili tofauti: simu moja huweka alama iliyonyooka, nyingine iliyopinda. Kwa jicho la mtu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili zisizojuana, kwa hiyo ukitafuta kwa alama moja, aliyeandikwa kwa nyingine haonekani. Tukafuta alama zote mbili kwenye nakala ya jina inayotumika kutafutia, na jina linaloonyeshwa hatukuligusa. Mohamed, Mohammed na Muhammad tukawaunganisha hivyo hivyo.

Watu 400 pia hawaletwi kwa mpigo. Bando lina thamani. Tuliomba majina 30, mtu akikaribia mwisho programu ikaomba 30 mengine, na anayetafuta jina akatafutiwa na seva yenyewe. Kisha ukaja mkosi ambao nitaueleza polepole, kwa faida ya wanafunzi.

Kioo cha simu huonyesha mistari kama kumi. Kwa Android kuna chombo kiitwacho RecyclerView, kilichotolewa mwaka 2014, na wenzake wa mifumo mingine hufuata akili ileile: hakitengenezi mistari 400. Kinatengeneza michache, na mstari unaopotea juu kinauchukua, kinaubadilisha jina, kinaurudisha chini. Ni kama sahani kwenye shughuli. Wageni ni 400, sahani ni 60, kwa hiyo nyuma ya nyumba kuna watu wanaosha na kurudisha mezani. Wakiosha vibaya, mgeni wa pili anakuta punje za pilau la wa kwanza.

Sisi hatukuosha. Picha ya mtu inapoombwa kutoka kwenye seva huchukua muda kufika. Mtumiaji akiteremka haraka, mstari unakuwa umekwisha kupewa mtu mwingine, ndipo picha ya yule wa kwanza inaingia. Kwa hiyo jina la binti wa miaka ishirini likakaa kando ya picha ya mzee mwenye kofia ya vito. Watu walicheka, mzee hakucheka. Dawa ni hatua mbili: kila mstari unapopewa mtu mpya, futa picha iliyokuwepo na usitishe ombi lake, na picha ikifika, iulize kwanza ni ya nani kabla ya kuiweka.

Kosa baya zaidi la upande huu lilikuwa la maneno matatu. Siku moja mtandao ulikatika mtaani. Waliofungua orodha walikuta ukurasa mweupe umeandikwa: "Hakuna wanachama wowote." Yalikuwa maneno ya kijenzi, niliyatafsiri mwenyewe, na nilikuwa nimeyaunganisha na kila hali ambapo orodha haikuja. Katika kikundi chenye fedha za watu ndani ya sanduku, ujumbe huo una maana moja. Ndani ya nusu saa watu tisa walikuwa nyumbani kwa mweka hazina, wengine na kanga za kulalia, wakiuliza pesa ziko wapi.

Tangu siku hiyo kila orodha ninayoigusa ina hali nne zilizoandikwa kila moja kwa sentensi yake: inakuja, imekuja, ni tupu kweli, na imeshindikana kuletwa. Ya nne huonyesha orodha ya mwisho iliyohifadhiwa kwenye simu, na juu yake: "Mtandao haupatikani. Hii ni orodha ya jana." Hesabu nayo ina adabu yake. Kanuni za lugha zinazotumiwa na simu zinakipa Kiswahili maumbo mawili, la mmoja na la wengi: "Mwanachama 1", "Wanachama 24". Sifuri huangukia kwenye wengi, na simu itaandika kwa ujasiri "Wanachama 0". Hakuna anayesema hivyo. Andika sentensi yako mwenyewe.

Neno la mwisho kuhusu yumo ni namba za simu. Katika kikundi cha watu 24 wanaojuana hadi majina ya wajukuu, namba ya simu chini ya jina ni msaada. Katika grupu la 400 ni mlango uliosahaulika wazi, na wanaopigiwa usiku na watu wasiowajua mara nyingi ni wanawake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Telegram inawaruhusu wasimamizi wa makundi makubwa kuficha orodha nzima, na Signal imeusuka mfumo wake hivi kwamba hata seva yake haijui nani yumo katika kundi gani. Sisi tulifanya jambo la kawaida zaidi: kwenye grupu kubwa chini ya jina tuliweka jina la kikundi anakotoka mtu, na namba ya simu ikabaki kwa katibu wa kikundi hicho.

Yupo

Nukta ya kijani kando ya picha ndiyo "yupo". Vijenzi vingi huja nayo, na watu huipenda siku ya kwanza.

Kwanza niliilalamikia kwa sababu za kiufundi. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu unakataza kutegemea rangi pekee kueleza jambo, kwa kuwa kuna watu wasiotofautisha kijani na kijivu. Kwa hiyo tuliongeza neno. Asiyeona anayetumia kisoma kioo, programu inayomsomea yaliyo kwenye simu, alikuwa akisikia vipande: "picha", "maandishi", "kitufe". Tukaunganisha mstari mzima uwe sentensi moja: "Mama Asha, namba tatu, yupo." Mzee aliyekuza maandishi alikuwa akikatiwa jina lake kwa nukta tatu. Tukaruhusu jina lishuke hadi mstari wa pili, na sehemu ya kugusa tukaipa kimo kisichopungua vipimo 48 vya kioo (dp) vinavyopendekezwa na Google.

Kisha ikaja saa. Kijenzi kiliandika "Alionekana mwisho 21:10". Mswahili anasoma na kukokotoa kichwani, maana kwake hiyo ni saa tatu na dakika kumi usiku. Nikaandika kipande cha msimbo kinachopunguza saa sita na kuongeza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku mahali pake. Nilijivunia sana kipande kile.

Kilidumu wiki tano. Kwenye kikao akasimama mwanachama mmoja, akamwelekea mwenzake mwenye deni: "Jana saa tatu na dakika kumi usiku ulikuwepo. Nilikuandikia saa mbili. Kwa nini hukunijibu?" Aliyeulizwa alikuwa ameishika simu kuangalia picha za harusi ya mdogo wake. Ugomvi ule ulichukua muda mrefu kuliko ajenda. Mwenyekiti akaniita pembeni: "Mwanangu, sisi tunajua nani yupo kwa kumwona kwenye mkeka. Haya mengine unatutafutia kesi."

Tukaifuta nukta, tukaifuta saa. Kijenzi kina sehemu ya kuzizima, mstari mmoja tu wa msimbo. Kupunguza pindo nako ni ushonaji.

Kabla hatujaifuta, nukta ilikuwa imeacha jeraha lingine. Kwa siku chache nilikuwa nimepanga orodha waliopo waje juu. Wazo zuri, sivyo? Katibu akataka kumwondoa mtu aliyehama mji. Akalitafuta jina, kidole kikashuka kwenye "Ondoa". Kidole kikiwa njiani, mtu mwingine akawasha data. Akapanda juu, mistari yote ikashuka ngazi moja, na kidole kikatua kwa mweka hazina.

Kikundi kikasoma: mweka hazina ameondolewa na katibu.

Hapo kulikuwa na makosa mawili. La kwanza ni la mpangilio: orodha yenye vitufe vya hatari haitakiwi kusogea wakati mtu anaigusa. La pili lilifichika ndani. Programu yangu ilimtambua mtu kwa nafasi yake kwenye orodha, "wa tano kutoka juu", badala ya kitambulisho chake. Nafasi hubadilika kila anapoingia mtu. Kitambulisho hakibadiliki. Sasa kabla ya kumwondoa yeyote programu inauliza kwa jina na namba, "Umwondoe Baba Juma, namba 16?", na jibu linakwenda na kitambulisho chake, hata orodha ikiruka sarakasi.

Ana kauli

Siku ya uzinduzi mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na kitu, alivaa miwani akateremka kwenye orodha hadi jina lake. Kijana aliyekuwa katibu, wa umri wa mjukuu wake, alikuwa na alama ya bluu: "Admini". Kwa mzee paliandikwa "Mwanachama". Akanigeukia taratibu: "Kumbe humu mimi ni mwanachama tu?"

Vifurushi vya soga huja na vyeo vyao: mwenye kundi, admini, msimamizi, mshiriki. Hivyo ni vyeo vya funguo, yaani nani anaweza kufungua kitufe gani. Kikundi kina vyeo vyake: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, watunza funguo watatu, wahesabu fedha. Hivyo ni vyeo vya heshima na wajibu. Mwenyekiti hataki kubonyeza vitufe. Anataka lolote lisibonyezwe bila yeye kujua. Kijana anabonyeza kwa niaba yake, kama anavyoandika daftari kwa niaba yake. Nilichofanya mimi ni kuuonyesha ufunguo na kuficha kiti.

Tukavitenganisha. Vyeo vya kifurushi vikabaki seva ikivitumia kuruhusu na kukataa, bila kuonekana. Mkia wa mstari ukabeba cheo cha kikundi, kwa taarifa ya ziada kama ile ya namba. Watunza funguo watatu wakapata alama ndogo ya ufunguo, na hilo walilipenda kuliko yote niliyowahi kuwatengenezea.

Wanafunzi, hapa pana mtego. Kumfichia mtu kitufe cha "Ondoa" hakumzuii kumwondoa mwenzake. Mwenye ujuzi kidogo anaweza kupeleka ombi lile kwenye seva bila kupitia kioo chako. Kitufe kilichofichwa ni pazia; mlango uko kwenye seva, na huko ndiko kila ombi liulizwe: wewe ni nani, na una kauli gani katika kikundi hiki?

Kauli huonekana pia kwenye vitenzi. Tazameni utajiri tulio nao: ametoka, amejitoa, ametolewa, ametoroka. Kila kimoja kina hadithi yake, na kikundi husoma hadithi hiyo mara moja. Kwa miaka mingi WhatsApp ilimtangaza kila anayetoka mbele ya kundi zima. Agosti 2022 ikatangaza kuwa mtu anaweza kutoka wakajua wasimamizi peke yao. Sisi tukaandika kitenzi kwa kila tukio. Aliyehamia mkoa mwingine "amehama". Aliyemaliza mzunguko akachukua mgawo wake "amemaliza". "Ameondolewa" tukaiweka kwa jambo lililopitishwa na kikao tu, na ujumbe ukataja kikao badala ya katibu. Kijana yule aliniambia tangu hapo hasalimiwi tena kwa mdomo wa pembeni.

Yumo, hayupo

Nimalizie na namba kumi na moja.

Mwaka uliofuata, kabla ya mgawo, mama yule alifariki. Baada ya maziko katibu alinipigia. Laini ya marehemu ilikuwa kwa mwanawe, kila akifungua simu anakuta ujumbe wa kukumbusha hisa za mama yake. Akaniuliza afanye nini na jina. Programu ilikuwa na jibu moja: "Ondoa". Na ujumbe ambao ungetokea ulikuwa mmoja kati ya niliowatajia, na hakuna hata mmoja uliofaa. Hakuhama. Hakumaliza. Nani angethubutu kuandika ameondolewa?

Nikamwambia asubiri, nitakuja kwenye kikao. Safari hii nilifika mapema nikaangalia watu walivyokaa. Mkekani, kati ya namba kumi na namba kumi na mbili, paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyepanga hivyo. Waliketi tu walivyozoea. Katibu alianza kuita huku akiangalia simu, kwa mpangilio tuliomshonea. Namba tisa. Namba kumi. Kisha akaita "Namba kumi na moja", kwa mazoea, kwa kuwa imeandikwa mbele yake, na sauti ikamkauka.

Palikuwa kimya. Ndipo namba kumi, jirani yake wa miaka yote, akajibu bila kuinua uso: "Yumo. Hayupo."

Katibu akaitikia kwa kichwa, akaandika, akaita namba kumi na mbili.

Kwa hiyo yale maneno niliyoanza nayo leo, kana kwamba niliyapata kwenye vitabu vya sarufi, niliyapata pale mkekani. Nilirudi nyumbani nikafungua kompyuta. Nikaongeza hali moja kwenye taarifa za mwanachama. Mtu wa hali hiyo hapokei kikumbusho chochote, hana kitufe cha kuguswa, na mabadiliko yake hayatumi ujumbe wowote kwa kikundi. Hisa zake zinabaki kwenye hesabu. Mstari wake unakaa palepale, namba ileile, na chini ya jina pameandikwa "Marehemu". Msimbo wenyewe haukuzidi mistari arobaini, na kijenzi sikukigusa ndani.

Mzunguko ulipokwisha, mgawo wa hisa zake alipokea binti yake. Kikao kikampa na namba. Ukifungua orodha ile leo utamkuta kwenye kiti cha kumi na moja.